Boma la Waliohama

Watu wakisikia kwamba nilikolelewa kulikuwa na magofu ya ngome ya mawe, macho huwang'aa. Huniuliza kama nina picha. Sina, na hata ningekuwa nazo nisingewaonyesha, kwa sababu najua watakachosema: kwamba panapendeza, kwamba pana utulivu. Utulivu wa pale mimi naufahamu. Niliusikia ukiteremka kilima polepole hadi mlangoni kwetu, na tangu wakati huo sipendi mahali pasipo na kelele za kuku na watu wanaogombana.

Ngome ilikuwa juu ya kilima upande wa Londiani, pale ambapo majani chai yanakoma na viazi na pareto vinaanza. Usifikirie minara na mizinga. Ilikuwa mizingo ya mawe, mmoja mkubwa na midogo kadhaa ikiuzunguka, kuta zilizopangwa bila udongo wala saruji, pengine zikimfika mtu kifuani, pengine zimelala chini ya nyasi. Katikati ya ule mkubwa palikuwa na shimo pana lenye mdomo mmoja unaotazama mteremko. Wazee walisema ng'ombe walilazwa humo. Walioijenga waliitwa Wasirikwa, nao walikuwako karne nyingi kabla ya babu wa mtu yeyote ninayemjua. Ilisimuliwa kwamba mkuu wao aliketi pale, na kwamba maboma yote ya vilima vile yaliamka asubuhi yakatazama kwanza moshi wake. Moshi ukipanda, kuna amani, fungua ng'ombe. Kwa hiyo ulikuwa mji mkuu, tena mji mkuu wa watu ambao leo sijakutana na mtu hata mmoja anayejiita mmoja wao.

Baba yangu aliipenda ngome ile kuliko alivyolipenda kanisa, na mama alimwambia hivyo mbele yetu. Baba alikuwa fundi mwashi kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho, akijenga nyumba za wafanyakazi, zote sawasawa kama mikate ya dukani. Yeye na mama walizaliwa karibu na ziwa, wakaja kwenye chai wakiwa vijana kama walivyokuja wengi. Alipoweza, alinunua kipande cha ardhi kule kilimani kutoka kwa mzee aliyekuja kuwa jirani yetu, na sisi watoto tukazaliwa hapo. Jumapili baada ya ibada alinishika mkono, mimi kifungua mimba wake, tukapanda. Akifika alipitisha kiganja juu ya ukuta.

"Hakuna simiti hapa," alikuwa akisema. "Kila jiwe limekalia mawili. Ona."

Niliona. Nilikuwa na njaa na nilitaka kurudi nyumbani kula, lakini baba alizungumza na ule ukuta kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi ya mabasi. Huwezi kumkatiza mtu wa namna hiyo.

Jambo moja lilimsumbua. Watu waliojua kujenga hivyo walikwenda wapi? Alimuuliza jirani yetu, ambaye alikuwa mzee mrefu wa kofia ya sufu, mchokozi wa maneno, aliyetusaidia kwa mambo mengi.

"Walihama," jirani alijibu.

"Walihama wakaenda wapi? Nani aliwafukuza?"

"Kwani mimi nilikuwa hapo, fundi? Nimekwambia walihama."

Wakacheka wote wawili. Swali lile na jibu lile viligeuka salamu yao. Baba alipopita nje ya ua wake angeweza kuuliza tu, "Bado hujajua walikoenda?" na mzee angeinua fimbo kumjibu bila kusema neno. Nilikua nikidhani ni mzaha wa watu wazima, na kwa muda mrefu ulikuwa mzaha.

Baba alipotaka kujenga nyumba yetu, alitamani mawe ya ngome. Yalikuwa karibu, yamechongeka, na hayakuwa na mwenyewe. Jirani alimkataza, na hapo hakuchekacheka.

"Hiyo usiguse. Mtu akihama na hakuna mtu alimwambia kwaheri, mawe yake inabaki yake. Hapa kwetu hakuna mtu hugusa."

Baba, mtu wa kanisa, angeweza kusema hayo ni mambo ya giza. Hakusema. Nadhani alifurahi kwamba kuna mtu mwingine anayeziheshimu zile kuta. Akachimba mawe yake mtoni, na jirani akaleta maksai wake wawili na sileji, gari la kuburuta lisilo na magurudumu, wakayavuta pamoja hadi juu. Nyumba ilipokamilika ilikuwa ya mawe peke yake kwenye mgongo ule wote, maana wengine waliishi kwenye nyumba za udongo au za mabanzi ya mbao. Baba aliiezeka kwa mabati mazito, akapaka ukingo wake rangi ya buluu iliyobaki kazini. Kisha akasimama uani, mikono kiunoni.

"Mtu akijenga na mawe," akasema, "huyo amekaa."

Mama alitazama juu kilimani. "Hata wale walijenga na mawe."

Baba akamwambia aweke chai.

Mama naye alikuwa na urafiki wake, na mke wa jirani. Huyo alikuwa mama mfupi, mwenye mkono mwepesi wa kutoa na mdomo mwepesi zaidi. Walichokozana kila siku ya Mungu. "Wewe na samaki yako, nyumba inanuka mpaka ng'ombe yangu inakataa kukamuliwa," mke wa jirani angesema, na mama angemjibu, "Na wewe na maziwa yako ya makaa, mtu akinywa anageuka jiko." Lakini kila nyanya yangu alipotutumia njugu kutoka ziwani, bakuli la kwanza lilivuka ua. Na bakuli lile halikurudi tupu. Lilirudi na mboga, au mayai, au maharagwe mabichi. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hilo mama alikuja nalo kutoka kwao na alilikuta huku pia, na ndilo jambo la kwanza walilokubaliana.

La pili hawakukubaliana kamwe. Mama hakupenda kulala na kitu cha mtu ndani ya nyumba. Kwake kilikuwa kama mwiba kwenye kisigino. Akiazima ungo asubuhi, jioni ananituma niurudishe, na ndani yake kitu. Mke wa jirani alimkaripia kwa hilo.

"Usiniletee vitu zote," alimwambia siku moja, nikiwa nimesimama hapo na ungo. "Bakisha moja kwako, na mimi nibakishe yako moja. Nyumba mbili ambazo hakuna kitu ya mwenzake ndani, hata njia katikati yake huota nyasi."

Mama alicheka, na nadhani aliyasikia kama maneno ya kufurahisha tu. Mimi niliyasikia vilevile. Lakini ndivyo tulivyoishi. Kwake palikuwa na sufuria yetu kila wakati, na kwetu pakiwa na kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya mgando yenye makaa, kirefu, cheusi kwa moshi, shingoni kimeshonwa shanga nyeupe na za buluu. Njia kati ya ua wake na wetu ilikuwa imekanyagwa hadi ikang'aa.

Kisha ikaja miaka ya tisini, na pamoja nayo mikutano. Watu wenye magari walikuja wakasimama juu ya magari yao wakasema, wakaondoka, na maneno yao yakabaki. Moja la maneno hayo lilikuwa madoadoa, yaani sisi tuliotoka kwingine. Nilikuwa na miaka ya kutosha kujua kwamba doa ni kitu kinachofuliwa. Shuleni msichana niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza alihamia dawati la mbele, akasema haoni ubao. Alikuwa akiuona ubao ule miaka yote.

Na kilimani, ndani ya ngome, kukaanza kuonekana moshi.

Ulipanda mchana, kila siku, mwembamba na wima. Vijana tuliowafahamu walipita mbele ya nyumba yetu wakipanda, bila ng'ombe, bila majembe. Ukiwauliza, wanaenda kukata kuni. Hakuna kuni iliyoteremka. Tulisikia mbinja kutoka juu, na nyingine ikiijibu kutoka ng'ambo ya mto, na mbwa wetu, ambaye alibwekea hata kivuli chake mwenyewe, alisikia mbinja zile akaingia chini ya ghala akalala kimya. Niliogopa. Sikujua ninaogopa nini, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ametuambia lolote baya. Watu walitusalimia. Walitusalimia kwa upole zaidi kuliko zamani, na hilo ndilo lililonitia baridi.

Jumapili moja baba alipanda peke yake, akarudi kabla hata ya kuvua koti. Kwenye mdomo wa lile shimo alimkuta kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuchanganya saruji. Kijana alisimama njiani.

"Fundi, leo hapana," akamwambia, na akatazama pembeni.

Baba alitusimulia huku akicheka. "Ngome sasa iko na askari," alisema. "Imekuwa ngome kweli." Mama hakucheka. Alikuwa akichambua mchele, na mkono wake ulisimama ndani ya sinia, ukakaa hapo.

Haikupita wiki, mke wa jirani akaja mchana na beseni kichwani. Alilitua mlangoni, akaanza kutoa vitu. Sufuria yetu. Jembe letu, mpini umesuguliwa. Ungo. Sahani za bati ambazo mama alikuwa amezisahau, za harusi fulani ya zamani. Chupa ya chai. Vikombe. Kila kitu kilikuwa kimeoshwa kwa jivu kikang'aa, na kila kitu kilikuwa kitupu. Alivipanga chini kimoja kimoja, wala hakuvitazama akivipanga.

Mama alisimama na mkono mdomoni. Baadaye akasema, "Na kibuyu yako? Ngoja nikuletee."

"Hiyo kaa nayo," mke wa jirani akasema upesi. "Hiyo usilete."

Akachukua beseni lake na kwenda. Hakukaribishwa chai na hakuingoja. Nilimtazama akivuka njia ile iliyong'aa, na mara hiyo tu katika maisha yangu nilimwona akitembea bila kuzungumza.

Baba aliporudi kutoka kazini, mama alimwonyesha vyombo vilivyopangwa. Hakuviondoa pale mlangoni, alitaka avione vilivyo.

"Amerudisha vyote," mama alisema. "Vitupu. Tunaambiwa tuondoke."

"Mwanamke ameosha vyombo vya watu, na wewe unafunga mizigo," baba akajibu. "Ngoja nikaongee na mzee wake. Wanaume hawazungukani."

Akaenda hadi kwenye ua. Tuliwaona wakizungumza, mzee akiwa amemgeuzia bega. Hatukusikia. Baba alirudi akiwa mchangamfu, na kwa hilo nilimkasirikia miaka mingi, jinsi alivyorudi mchangamfu.

"Hakuna neno," alisema. "Tumeongea mambo ya viazi. Ameyasifu mabati yangu. Ameuliza unene wake, ni geji gani, na misumari nilipiga mingapi kwa kila bati. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kukuuliza mambo ya mabati?"

Mama akaingia ndani na kuanza kukunja nguo.

Waligombana asubuhi iliyofuata, kwa sauti ya chini, kwa lugha ya nyumbani. Sitaki kuyaandika yote. Baba alisema kila jiwe la ile nyumba lilipita mikononi mwake. Alisema ana hati, ana risiti, ana jirani. Alisema akiondoka leo hatarudi kamwe, kwa hiyo haondoki. Mama alisema maneno machache tu, nayo nayakumbuka.

"Mimi na watoto tunaenda barabarani. Wewe kaa na mawe yako."

Ilikuwa siku angavu, jua kali, vilima vyote vikionekana hadi kule chai inapofanana na zulia la mtu tajiri. Mama alifunga shuka mbili. Aliweka ndani yake nguo, unga, Biblia, na dakika ya mwisho akatungua kibuyu kwenye msumari wake akakifungia katikati ya nguo. Nilidhani amekosea. Vitu vyetu wenyewe vingi tuliviacha.

Baba alikuwa nje akimalizia kidato cha baraza. Kilikuwa kimevunjika tangu mvua zilizopita, na asubuhi ile, kati ya asubuhi zote, ndipo alipoamua kukitengeneza. Alichota saruji, akaipaka, akailainisha na mwiko, akarudi nyuma akaitazama. Tulipita kando yake na mizigo. Hakuinua kichwa. Ndugu yangu mdogo alianza kulia, mama akamvuta.

Tulikuwa tumefika kwenye lango nilipogeuka. Baba alikuwa amesimama wima, mwiko mkononi, akitazama kilimani. Nami nikatazama. Hakukuwa na moshi.

Kwa wiki nyingi ulikuwa umepanda kila mchana, na leo kilima kilikuwa kitupu na safi, kuta zikionekana moja moja kwenye jua. Hakuna mbinja. Hakuna mtu. Waliokuwa juu hawakuwa juu tena. Baba aliyajua masimulizi ya ule moshi kuliko mtu yeyote, ndiye aliyenifundisha. Alikuja mbio. Sikuwahi kumwona baba yangu akikimbia, na alikimbia vibaya, kama mtu anayebeba kitu kizito, mwiko bado mkononi na saruji ikimkauka vidoleni.

Njiani tulipita shamba la jirani. Mke wa jirani alikuwa ndani yake, ametugeuzia mgongo, akilima kwa jembe mahali palipokwisha kuchimbwa viazi. Alilima bila kupumzika. Mama alipunguza mwendo, nikadhani atamwita, lakini hakumwita. Kwenye lami lori la viazi lilitubeba juu ya magunia. Tulipofika kwenye kona ya msitu baba aligeuka, na sisi sote tukageuka. Moshi ulikuwa umerudi, lakini haukuwa kilimani. Ulikuwa chini kidogo, mnene, mweusi, pale penye ukingo wa buluu. Baba alifungua mkono akautazama ule mwiko, kisha akatazama mbele na hakugeuka tena.

Tulilala kwenye uwanja wa kanisa pamoja na wengine, kisha tukaenda Kisumu, kwenye chumba kimoja. Baba alipata kazi. Fundi wa mawe hakosi kazi. Aliwajengea watu nyumba nzuri mno, wakamsifu, na jioni alirudi kwenye chumba cha kupanga chenye ukuta wa udongo ambao hakuwahi kuutia hata kiraka. Mama alipomwambia mvua inaingia, alisogeza kitanda.

Kibuyu kilitundikwa juu ya meza. Hatukuwa na ng'ombe, lakini kila baada ya muda mama alikisugua ndani kwa makaa ya mti, kama alivyofundishwa na mwenyewe, ili kisioze.

"Nitakufa na kitu cha mtu ndani ya nyumba," alisema.

"Kitupe," baba alimjibu.

"Kina mwenyewe."

Hilo lilimtafuna. Wengine walikumbuka mashamba yao, ng'ombe, mahindi ghalani. Mama alikumbuka kwamba hakurudisha chombo. Usiku wa maombi aliomba kwa sauti Mungu ampe siku ya kukirudisha, na akina mama wenzake waliitikia amina bila kujua wanaitikia nini. Nilimwelewa nusu tu. Nilidhani kikirudi atapata usingizi, na sisi sote tutapata.

Miaka ile ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, barabara zikiwa zimetulia, mama alisema sasa. Nilikuwa nimeanza kufanya kazi, nikaomba ruhusa nimsindikize. Baba alikataa. "Nikitaka kuona ngome iliyobomoka, nitaenda Mombasa nilipe kiingilio kama watu," alisema, akajifunika gazeti. Mama alijaza kibuyu njugu hadi shingoni, akakiziba kwa kitambaa kisafi, akakipakata njia nzima.

Tulishuka kwenye lami tukakata kwa chini, kupitia mashamba ya viazi, kwa hiyo tulifika kwa jirani kabla ya kufika kwetu. Mzee alikuwa ameshafariki. Tulimkuta mkewe ameketi mlangoni mwa jiko, amezeeka, miguu imevimba. Jiko lilikuwa jipya. Nilipoinua macho niliona mabati yake, mazito, na kwenye ukingo mabaki ya rangi ya buluu iliyopakwa na mtu ambaye naijua mistari ya brashi yake. Mama aliyaona pia. Mke wa jirani aliona kwamba tumeyaona.

"Mzee alisema heri tutoe sisi, kabla watoe wengine," akasema.

"Yanazuia mvua?" mama akauliza.

"Inazuia."

"Basi vizuri."

Nilitaka kusema kitu kikali, na nilikuwa nacho tayari tangu Kisumu. Lakini mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, yeye na mke wa jirani wakaangaliana, nikakimeza. Walishikana mikono. Waliulizana watoto, miguu, presha. Binti mmoja mrembo, mke wa mwanawe, ambaye alikuwa ameolewa hapo majuzi kutoka upande wa Sigor, alituletea chai, akatusalimia kama wageni wa mama mkwe, akatoka kwenda kukata napia za ng'ombe.

Ndipo mama alipofungua shuka na kutoa kibuyu. Alikishika kwa mikono miwili.

"Nimekuletea kitu yako," alisema. "Na haiko tupu."

Yule mama alikitazama. Sikuona furaha. Aliondoa kitambaa, akaona njugu, akaweka kitambaa mahali pake.

"Kwa nini umeleta?"

"Ni yako."

"Nilikwambia usilete. Zako nilirudisha zote ili mjue mwende. Hii nilikuachia ili urudi." Alisema polepole, kama anayemfafanulia mtoto. "Miaka hii yote nikiulizwa, nasema yule mama atarudi, yeye iko na kibuyu yangu."

"Si nimerudi?" mama akasema.

"Umekuja kuleta. Hujarudi."

Mama akanyoosha mkono, polepole, kiganja juu. "Basi nipe. Nitaenda nayo tena."

Mke wa jirani alikikumbatia kifuani. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. "Kitu ya mtu ikisharudi kwake imerudi," alisema. "Huwezi kuitoa tena kwa mlango hiyo hiyo. Ni vile iko."

Alimimina njugu kwenye sinia, zote, hadi ya mwisho. Akakisuuza kibuyu, akakitundika kwenye boriti ya jiko, chini ya mabati ya baba yangu. Nilielewa hapo, nikiwa mtu mzima na mshahara wangu, kile ambacho mama alikuwa anakielewa wakati huohuo: kwamba uzi mmoja ulikuwa umebaki kati yetu na mahali pale, na tumesafiri siku nzima kuja kuukata kwa adabu. Roho iliniuma. Nilimwonea mama huruma hata sikuweza kumtazama.

Hatukukaa sana. Mke wa jirani hakuweza kutembea, kwa hiyo alimwita binti aje atusindikize hadi barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa. Njia ya zamani kati ya ua wake na wetu ilikuwa imeota nyasi hadi magotini. Binti alitangulia akizipasua kwa miguu, mwenye furaha ya kupata watu wa kuzungumza nao. Alituuliza kama tulikuwa tumewahi kufika huku. Mama alisema zamani kidogo.

"Basi mmeona hiyo ya juu?" Akaonyesha kilima. Kuta zilikuwa pale pale, kila jiwe limekalia mawili. "Hiyo ni ya watu wa zamani sana. Hakuna mtu hugusa."

Kisha tukatokea kwetu. Paa halikuwako, wala milango, wala fremu za madirisha. Mzabibu mwitu ulikuwa umepanda sebuleni. Lakini kuta zilisimama zote, wima, nyeusi kwa moshi upande wa juu, na hakuna hata jiwe moja lililochukuliwa, katika nchi ambayo mtu akipata jiwe zuri analibeba mgongoni. Kidato cha baraza kilikuwa kizima. Kilikuwa kimeganda na mstari wa mwiko juu yake.

Mama aliinama akanyoosha mkono kukigusa.

"Hapana, mama, usiguse," binti akasema kwa heshima. "Hiyo pia ni hivyo hivyo. Hata sisi tumeambiwa na mzee kabla afe, hayo mawe wacheni."

Mama alibaki ameinama, mkono hewani. "Ni ya nani?"

"Kulikuwa na watu hapa."

"Walienda wapi?"

Binti akang'oa jani la nyasi akaliweka mdomoni. Hakuwa na ubaya wowote usoni.

"Walihama," akasema, na akatangulia kutuonyesha njia.